Safari ya Shimoni iliyomfungua nyanya kinywa

Sisi watu wa bara tukitaja Pwani huwaza mambo yale yale: mchanga mweupe, maji ya chumvi, madafu na wali wa nazi. Tunapanda basi au treni, tunajitupa majini siku tatu, tunapiga picha, kisha tunarudi Nairobi ngozi zikituwasha. Wachache wetu wanajua kwamba ufuo wa Kenya si mchanga mtupu. Sehemu kubwa yake ni mwamba, tena mwamba uliotobolewa na maji hadi ukawa kama sega la nyuki.

Mwamba huo una mapango. Kule Watamu, penye mlango wa Mida, kuna mapango yaliyo chini ya maji ambayo yanajulikana kwa jina la samaki aitwaye tewa, ambaye hupenda kujificha humo. Fikirini, katika Kaunti ya Kwale, yako mapango ya nchi kavu ambayo watalii huyaita Dada Watatu. Na kusini kabisa, unapokaribia mpaka wa Tanzania, kuna kijiji ambacho hata jina lake limetokana na pango. Kijiji hicho ni Shimoni.

Huko ndiko tulikokwenda likizo ya Agosti: mimi, binti yangu aliye Gredi ya Sita, na mamamkwe wangu. Baba watoto alibaki Mombasa kwa shughuli zake. Mpango wetu ulikuwa safari ya siku moja ya mashua, kikundi kidogo cha watu tisa, kutazama kingo za mwamba, pomboo na samaki wa rangi rangi, halafu kumalizia kwa pango lenyewe la Shimoni.

Mamamkwe ni mzaliwa wa Kisauni na amekaa Mombasa maisha yake yote, lakini hakuwa amefika Shimoni hata siku moja. Nilipomweleza habari za safari alikubali upesi, ila alitoa sharti moja.

"Pomboo nitawaona, mwanangu," aliniambia. "Lakini kwenye pango sishuki. Nyinyi mtashuka, mimi nitawangoja juu."

Hakutoa sababu, nami sikuuliza. Mkwe hahojiwi.

Ukitoka kisiwani Mombasa unavuka kivuko cha Likoni, unashika barabara kuu ya Lunga Lunga, unapita Ukunda, Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, ndipo unapokata kushoto kuelekea baharini. Tuliondoka alfajiri na saa mbili asubuhi tulikuwa gatini. Hapo tuliwakuta wenzetu: walimu wawili, mume na mke, kutoka Machakos, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na kijana mmoja na mchumba wake ambao hawakuachana mikono siku nzima.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa makamo, Mvumba wa kisiwa cha Wasini, mwenye maneno machache na macho yasiyotoka kwenye maji. Mashua yake ilikuwa ya mbao, yenye injini nyuma na tanga lililokunjwa kando. Kabla hajagusa injini alihesabu watu, akahesabu jaketi za kuokoa maisha, akamvisha kila mmoja yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alisema yeye anajua kuogelea na jaketi itamharibia picha.

"Baba," nahodha akamjibu kwa upole, "bahari haikuulizi ukijua. Vaa."

Nililipenda jambo hilo. Miaka michache iliyopita niliwahi kupanda chombo kimoja cha watalii ambacho abiria walizidi jaketi, na mwenye chombo alitwambia tusiwe na wasiwasi kwa kuwa hatuendi mbali. Kikundi kidogo kina faida yake. Nahodha anamwona kila mtu, mtoto akiuliza swali linasikika, na hakuna anayesukumana kutafuta kivuli.

Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani wakati ule wa mwezi ambapo maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita nne. Kwa hivyo asubuhi ile maji yalikuwa yakipwa kwa kasi, na mwamba ulikuwa umesimama wazi kama jengo lililovuliwa nguo.

Nahodha alipunguza mwendo akatupitisha polepole kando ya ukingo. Juu kulikuwa na miti iliyojishikiza kwenye jiwe tupu. Chini yake, usawa unaofikiwa na maji yakijaa, mwamba ulikuwa umeliwa ndani, hivi kwamba sehemu ya juu ilibaki ikitokeza kama veranda ya nyumba. Pengine ulikuwa umeliwa zaidi, kukawa na vitundu vyeusi ambamo kaa walikimbia kujificha tulipokaribia. Mawimbi yalipoingia humo yalitoa sauti ya kubweka, kisha yakatoka yakivuta pumzi.

"Nyanya, nani alichimba?" binti yangu aliuliza.

Mwalimu wa Machakos, ambaye ilidhihirika kuwa hufundisha sayansi, alichukua swali hilo. Alimweleza kwamba mwamba ule wote ulikuwa matumbawe hai zamani, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliposhuka matumbawe yalibaki juani yakafa, yakawa jiwe la chokaa. Jiwe hilo ni gumu kwa mkono lakini ni laini kwa maji. Mvua inapopita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo ndio unaoyeyusha chokaa tone kwa tone, mwaka baada ya mwaka. Mvua hula kutoka juu, bahari hula kutoka ubavuni, na zikikutana, hapo pana pango.

Binti yangu alitia mkono majini akauonja ulimi. "Haina uchachu," akasema. Mashua nzima ikacheka.

Tulielekea visiwa vya Mpunguti. Kwa wasiojua, eneo hili la bahari linalindwa na serikali chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hifadhi ya Kisite ina ukubwa wa kilomita mraba 28 na hairuhusiwi kuvua humo kabisa. Ile ya Mpunguti, inayopakana nayo, ni kilomita mraba 11 na wavuvi wanaruhusiwa kutumia njia za kienyeji. Zote mbili zilianzishwa miaka ya 1970. Nahodha alitwambia kwamba wazee wake walilalamika sana walipozuiwa kuvua walikozoea. Yeye mwenyewe alianza kazi akiwa mvuvi kabla ya kugeukia wageni. Siku hizi, alisema, samaki wanaozaliwa ndani ya hifadhi hutoka wakaingia nyavu za walio nje, na ugomvi umepungua.

Alitwambia pia habari za mwaka 1998, pale maji ya bahari yalipopata joto kupita kawaida baada ya El Niño. Matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. "Ukichungulia chini," alisema, "ungedhani ni makaburi. Meupe yote, kama mifupa." Tangu hapo sehemu nyingine zimefufuka, nyingine hazijapona.

Pomboo tuliwaona upande wa kisiwa usio na upepo. Walikuwa watatu, mmoja mdogo akiogelea ubavuni mwa mama yake. Nahodha alizima injini. Alitukataza kupiga kelele na kutupa chakula, akasema pomboo akifukuzwa na vyombo huhama. Tulikaa kimya tukisikia pumzi zao, puu, puu, kila walipoinuka. Mamamkwe alikuwa ameshika ubao wa mashua kwa mikono miwili, uso wake umekunjuka kama wa msichana.

Hapo ndipo hali ilipobadilika. Agosti ni wakati wa kusi, na kusi ni upepo usiotabirika vizuri ukishapanda jua. Mbele yetu, upande wa Kisite, maji yalikuwa yameanza kuvaa kofia nyeupe. Nahodha alisimama, akatazama kwa muda, akageuza usukani.

"Kisite leo basi," alisema. "Tunarudi Wasini."

Wanafunzi walipinga. Walikuwa wamelipia Kisite, walikuwa wamekodi miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, na kwa macho yao bahari ilikuwa shwari. Kijana na mchumba wake nao walianza kunung'unika. Nahodha aliwasikiliza hadi wakamaliza.

"Pesa za Kisite nitawarudishia," alisema. "Lakini nikiwapoteza, sina pa kuwatoa nikawarudisha kwa mama zenu."

Hakuna aliyejibu. Nusu saa baadaye, tukiwa tumekingwa na kisiwa, tuliutazama upepo ukiyachana maji kule tulikotoka, na yule mwanafunzi aliyekataa jaketi alikuwa ameishika yake kwa mikono yote miwili.

Wasini ni kisiwa chembamba kisicho na magari. Watu hutembea kwa miguu, kati ya nyumba za mawe ya matumbawe na misikiti. Kwa miaka mingi wakazi wake walitegemea maji ya mvua waliyoyakinga kwenye birika, kwani mwamba wa matumbawe hauhifadhi maji matamu. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya mawe: minara ya matumbawe ya kale iliyosimama mchangani kama watu waliogeuzwa jiwe wakiwa wanazungumza. Kikundi cha akina mama wa kijiji kinasimamia daraja la mbao linalopita katikati yake na mikoko iliyo pembeni. Ada inayolipwa na wageni huwasaidia katika mahitaji yao. Maji yakijaa siku za bamvua, bahari huingia hadi chini ya daraja.

Tulikula chakula cha mchana hapo: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kaa, na mwani wa kukaanga ambao binti yangu aliudhania sukuma wiki. Kwa kuwa tulikuwa tumeikosa Kisite tulikuwa na saa mbili za ziada, na nahodha alisema zitatufaa pangoni, maana watu wengi hufika pale wamechoka, wakapita mbio na kutoka.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumerudi Shimoni. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye ile veranda ya mwamba tuliyoiona asubuhi.

Pango liko hatua chache kutoka gatini, ndani ya kichaka cha miti mikubwa. Unateremka ngazi kupitia shimo lililo juu, na mara moja joto la nje linakatika. Wanakijiji ndio wanaolisimamia, na fedha za kiingilio husaidia mambo kama karo za watoto na zahanati. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa hapo hapo, mwenye tochi na sauti ya chini.

Mamamkwe aliketi juu kwenye benchi, mkoba wake magotini, kama alivyosema.

Chini, paa lina mawe yaliyochongoka yakining'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, na mizizi ya miti imepenya kwenye nyufa ikitafuta maji. Popo wanalia gizani. Ardhi inateleza. Kijana alitwambia kwamba wenyeji walilitumia pango hilo kwa mambo mengi. Walijificha humo na watoto wao wakati wa mashambulizi ya Wamaasai katika karne ya 19. Wengine waliliheshimu kama mahali pa matambiko. Kisha akaelekeza tochi ukutani, akatuonyesha vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu.

Masimulizi ya wenyeji ni kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa wakingoja majahazi. Waliletwa kutoka bara kwa miguu, wakashushwa pangoni, kisha majahazi yalipofika wakatolewa kwa upande wa bahari. Penye kisima cha maji kilichomo ndani ndipo waliponyweshwa.

Kijana alieleza historia kwa utaratibu, nami nilikuwa nikimsaidia binti yangu kuandika. Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Biashara haikufa. Misafara ilianza kufuata nchi kavu kando ya pwani kutoka Kilwa kuja kaskazini, na watu wakawa wanavushwa kwa siri kwa vyombo vidogo kwenda Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalitaka mikono. Mwaka 1876 Sultan alikataza misafara hiyo nayo. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Binti yangu aliacha kuandika. "Waliowauza ni kina nani?"

Kijana alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa akipima jinsi ya kumjibu mtoto.

"Wengi," alisema. "Walikuwapo Waarabu. Walikuwapo Waswahili wa pwani hii. Walikuwapo machifu wa bara waliouza mateka wao, hata watu wao. Na Wazungu pia walinunua, Wafaransa walikuwa wakichukua watu Kilwa kupeleka kwenye mashamba ya visiwa vyao. Ukitafuta mmoja wa kumlaumu utamkosa."

"Na waliouzwa walikwenda wapi?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya kijana.

"Wengine walikuja Kisauni."

Mamamkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshikwa na nahodha. Hakuna aliyemwita. Aliteremka mwenyewe, akaja taratibu hadi tulipokuwa, akakiangalia kile chuma kwa muda mrefu.

Kila anayeishi Mombasa analijua jina la Kengeleni, kule njia panda ya Nyali. Ni wachache wanaojiuliza kengele hiyo ni ya nini. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha hapo kijiji cha watumwa waliokombolewa, wakakiita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa kuzungumza na Sultan juu ya mkataba wa 1873. Watu waliokamatwa kwenye majahazi na manowari za Waingereza waliletwa hapo: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, watu wazima na watoto ambao hawakuelewana hata lugha. Kengele ilipigwa kuwaonya wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija kuwateka tena. James Mbotela aliandika habari za watu hao katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa mwaka 1934. Mtangazaji aliyependwa na wengi, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alizaliwa Mombasa.

Hayo yote nilikuwa nikiyajua kama mwandishi. Nilijua pia kwamba nimeolewa katika nyumba ya Frere Town. Lakini kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwa nimesikia neno moja juu ya jambo hilo likitamkwa mezani.

"Babu yake baba yangu," mamamkwe alisema, "aliletwa akiwa mtoto wa miaka kama minane. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Alibatizwa jina la Kizungu, ndilo hilo tunalolitumia mpaka leo. Aliwaambia wanawe kitu kimoja tu, kwamba kabla ya jahazi alilala siku nyingi mahali penye giza, na maji yalikuwa yakisikika lakini hayaonekani. Hakujua ni wapi. Labda ni hapa, labda ni kwingine. Mimi tangu utoto nikisikia neno pango moyo unanienda mbio."

Tulisimama kimya. Kwa mbali, nyuma ya mwamba, tuliisikia bahari ikigonga.

"Mbona hukuniambia, nyanya?"

"Mama yangu alinikataza. Shuleni walikuwa wakituita wana wa watumwa. Alisema, ukiulizwa kabila sema wewe ni mtu wa Mombasa, funga mdomo. Nikafunga. Baba yako naye nikamfunga."

Muhula uliotangulia, binti yangu alipewa shuleni kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu ulijaa hadi kwa babu zake babu yangu, majina na vijiji vyao. Upande wa baba yake matawi yalikoma upesi, na baba yake alipoulizwa alisema ana kazi. Mtoto alichora maua mahali pa majina. Mwalimu akampa alama zake na kuandika: *Mbona upande mmoja?*

Nahodha, aliyekuwa bado amesimama karibu na ngazi, alikohoa.

"Mama, hata kwetu haya hayasemwi," alisema. "Wapo waliouza, wapo waliouzwa, na wote walizaa, na wana wao wakaoana. Mimi nikienda nyuma sana sijui nitamkuta nani kwenye mashua na nani ndani ya pango. Kwa hivyo hatuendi."

"Mwanangu," mamamkwe akamwambia, "mimi leo nimekwenda, na sikufa."

Kisha akainama, akatia vidole kwenye maji ya kisima, akapaka paji la uso la mjukuu wake kama anavyofanya kasisi wakati wa ubatizo. Hakusema lolote. Mwalimu wa Machakos alivua kofia yake.

Wapo watakaosema kwamba mambo kama haya yaachwe yalale, kwamba kuyachimbua ni kuwachonganisha watu wanaoishi pamoja kwa amani. Nimeisikia hoja hiyo na ninaielewa. Watoto wa mwenye kuuza hawana hatia ya babu zao. Lakini nimeona pia gharama ya kunyamaza. Mwenye kunyamaza si yule aliyefanya kosa. Anayenyamaza ni yule aliyekosewa, kwa aibu isiyokuwa yake, naye huipitisha aibu hiyo kwa mwanawe kama urithi. Mtoto asiyeambiwa hubuni. Anachora maua.

Kwa familia zinazotaka kwenda Shimoni, safari hii haihitaji utajiri. Chagueni kikundi kidogo, msikubali kupanda chombo chochote kabla hamjahesabu jaketi, na mtoto awe na ile inayomtosha. Ulizeni juu ya kupwa na kujaa siku mnayokwenda. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Julai hadi Oktoba upepo ni mkali lakini mna bahati ya kuwaona nyangumi wanaopita. Chukueni viatu vya mpira visivyoteleza na tochi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa njia ya simu, kwa hivyo lipeni mapema. Nahodha akisema turudi, rudini. Na pangoni msiingie mbio mbio kwa ajili ya picha.

Jambo la mwisho halina ada. Kabla ya kwenda, au mkisharudi, keti na mzee wa nyumbani kwenu umuulize. Usiulize kama karani wa sensa. Uliza ukiwa unamenya viazi au unamsuka nywele, na ukijibiwa kidogo pokea hicho kidogo. Wazee wetu wanaondoka, na wanaondoka na majina ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Mamamkwe sasa humpigia simu mjukuu wake kila Jumapili baada ya ibada. Binti yangu ana daftari la kurasa 96 kwa kazi hiyo. Mpaka ninapoandika haya wamepata majina kumi na moja, siku mbili za arusi, mtoto mmoja aliyefariki kwa ndui, na wimbo wa kubembelezea watoto ambao maneno yake si ya Kiswahili wala lugha yoyote tuijuayo nyumbani. Nyanya anaukumbuka wote. Tunatafuta mtu wa kutwambia ni lugha gani, na baba watoto, ambaye zamani alikuwa na kazi, ndiye anayeurekodi.